Kijiti cha Ishirini na Tano

Treni ya kutoka upande wa Zambia ilitakiwa kunishusha Kisaki jioni. Ilinishusha kesho yake saa nne asubuhi, baada ya kusimama porini mara tano bila mtu kutuambia kwa nini. Nilikuwa na begi moja na sanduku la chuma la zana, nililolibana katikati ya miguu tangu Mlimba. Wakati huo nilikuwa natengeneza cherehani. Sishoni, natengeneza mashine zenyewe. Kazi hiyo inamfaa mtu asiyeweza kutulia, kwa sababu kila kijiji kina cherehani mbovu mbili tatu, na zikishapona hakuna anayekuuliza kwa nini unaondoka.

Kwetu ni Tanga. Niliondoka miezi michache baada ya kumaliza kidato cha nne, na sasa nina miaka arobaini na kitu. Hapo katikati nimekaa Songea, Sumbawanga, Kasulu, Ifakara, na sehemu nyingine ambazo sura zake zimenitoka, zimebaki harufu tu: moshi wa tumbaku, samaki wa kukaushwa, mpunga uliolowa. Kijiji ninachotaka kukielezea kinanukia iliki. Nikiikuta iliki kwenye chai mahali popote, nasimamisha kikombe.

Kisaki nilipata lori la mbao linalokwenda Morogoro Mjini. Ilikuwa masika. Tulikwama mara mbili kabla ya Mvuha, abiria tukashuka kusukuma, na mara ya tatu kitu kikakatika chini ya gari kwa mlio ambao hata mimi nisiyejua magari niliuelewa.

"Tumehamia hapa," dereva akasema, akitandika turubai uvunguni mwa lori. "Mwenye haraka aanze na miguu."

Nilianza na miguu. Nilitembea karibu saa mbili, sanduku begani, hadi pikipiki ilipokuja nyuma yangu na kupunguza mwendo. Kijana mmoja, kofia ya baridi hadi machoni.

"Bro, hilo sanduku lina maiti?"

"Zana za cherehani."

"Acha utani."

"Kweli."

"Basi panda. Kwetu kuna fundi, cherehani yake imekufa tangu Ramadhani. Suruali yangu imo humo humo, mguu mmoja umeshonwa, mmoja bado. Kila nikimuuliza ananiambia nivae ule uliokwisha."

Tulipita Matombo, tukaiacha barabara, tukapanda mlima kwenye njia ambayo nusu yake ilikuwa kijito. Nilifika kwa fundi nikiwa nimelowa hadi kwenye soli za viatu. Safari ya kutoka Mlimba ilinichukua siku tatu, na nilikusudia kulala hapo siku moja. Nilikaa miezi minane.

Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye tepi ya kupimia shingoni hata anapokula. Aliishi na mama yake mzazi. Wanawe walikuwa mjini. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele chenye kibaraza na mlango wa mbao wa pande mbili. Niligundua haraka kwamba upande wa kulia tu ndio uliofunguliwa. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa komeo wakati wote. Wateja waliingia kiubavu, na siku alipoletewa robota la vitambaa, ilibidi tulifungue nje na kuingiza jora moja moja. Hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyesema "si ufungue na huo mwingine?"

Kwenye mbao za upande huo wa kushoto, kwa nje, kulikuwa na vijiti vilivyochorwa kwa chaki ya bluu, ile chaki bapa ya mafundi. Safu mbili, moja juu ya nyingine.

Cherehani yenyewe haikuwa na ugonjwa mkubwa. Uzi ulikuwa umejisokota chini ya bobini ukashikana na kutu. Nilimaliza kabla ya adhuhuri, na suruali ya kijana wa pikipiki ikapata mguu wake wa pili. Habari ikasambaa mlimani, watu wakaanza kuleta cherehani zao, nyingine zimefungwa nyuma ya pikipiki, nyingine kichwani. Fundi akanipa chumba cha uani.

Jioni ya kwanza, baada ya swala ya alasiri, watu walikuja kibarazani na fundi akatoa ubao wa keram. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Nimekulia kwenye keram. Baraza la baba yangu kule Tanga lilikuwa na ubao, na mimi nilijua kuhesabu keram kabla sijajua kuhesabu chenji.

Kwa asiyeijua: ni ubao wa mraba wenye tundu kila pembe. Katikati zinapangwa kete bapa za duara, tisa nyeupe, tisa nyeusi, na moja nyekundu. Unapiga kwa ncha ya kidole kete nene kuliko zote, ambayo wao waliiita dume, na dume linazisukuma kete zako matunduni. Ubao unapakwa poda ya watoto ili uteleze. Atakayemaliza kete zake tisa kwanza ndiye aliyeshinda mkono huo, na anapata pointi moja kwa kila kete ya mwenzake iliyobaki mezani. Mwekundu ana pointi tatu, lakini haendi peke yake. Ukimwingiza, lazima pigo linalofuata uingize kete yako ya kumsindikiza, la sivyo anarudi katikati. Na dume lenyewe likitumbukia, ni kosa; unarudisha kete mezani. Mikono inachezwa hadi mmoja afike ishirini na tano, hapo gemu imekwisha.

Kule mlimani hawakuandika tarakimu. Walichora vijiti: vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yake kuvifunga, kama kuni. Mafungu matano yakitimia, mtu ameshinda. Na walikuwa na desturi ambayo sikuiona kwingine. Aliyeshindwa husimama, humpa mkono mshindi na kumwambia, "Umenishinda." Kisha mshindi, yeye mwenyewe, hufuta vijiti vyote kwa kiganja. Kabla ya hapo gemu haijakwisha, hata kama kila mtu ameona.

Siku ile ya kwanza nilivuta kigoda kilichokuwa upande wa mlango, nikakikalia. Watu wakaangaliana. Kijana wa pikipiki alifungua mdomo, akaufunga.

"Mwacheni akae," fundi akasema. "Kigoda ni cha kukaliwa."

Tulipomaliza mkono wa kwanza, nilinyoosha kidole kwenye ubao wa mlango, nikauliza kama tuandike pale. Fundi akaleta kipande cha boksi. "Tunaandikia hapa," akasema, na nikaona kwamba boksi hilo lilikuwa limechorwa na kufutwa hadi limeota manyoya.

Siku ya nne akaniuliza. Alikuwa anapaka poda, hakuniangalia.

"Mgeni, wewe umecheza pwani. Tuseme mtu ana ishirini na mbili. Anamwingiza mwekundu, anamsindikiza, anamaliza. Mwenzake amebakiza kete moja. Anapata ngapi?"

Jibu nililijua. Anapata moja. Mtu akishafika ishirini na mbili, mwekundu hana pointi tena kwake. Lazima aingie, lakini anaingia bure. Baba yangu aliitetea sheria hiyo kama nyumba yake. Lakini nilipoinua uso niliwaona wanaume wanne wameacha kutafuna miwa, na fundi ameacha mkono wake juu ya ubao, poda inamwagika sehemu moja. Nilikuwa nakula kwake, nalala kwake. Nikafikiri, huyu mtu anataka kusikia nne.

"Nne," nikasema.

"Yaani ishirini na sita."

"Gemu imekwisha."

"Si ndiyo hiyo hiyo!" kijana wa pikipiki akasema. "Mwalimu alisema nne, mnunuzi wa iliki akasema nne, yule bwana wa zahanati akasema nne. Wewe wa ngapi sasa? Fundi, unataka mpaka aje waziri?"

Wengine wakacheka. Fundi akanishukuru kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Nilitegemea ageuke kwenye mlango afute vile vijiti. Hakufuta.

Baada ya hapo nikaanza kuviangalia vizuri. Safu ya juu ilikuwa na mafungu manne kamili na vijiti vinne vimesimama. Ishirini na nne. Vilichorwa na mkono mmoja, vyembamba, vimenyooka. Safu ya chini ilikuwa na mafungu matano kamili, ishirini na tano. Lakini katika fungu la mwisho, vijiti vitatu vya kwanza vilikuwa vya mkono ule ule mwembamba, na viwili vya mwisho, cha kusimama na cha kulala, vilikuwa vinene, vimekandamizwa hadi chaki imemeguka. Watu wawili walikuwa wameandika hesabu ya mtu mmoja.

Na kulikuwa na ule mlio. Bati la kibaraza lilikuwa na tundu, na mvua ikinyesha, tone lilianguka juu ya mgongo wa ubao wa keram uliokuwa umeegemezwa ukutani. Tok. Kimya kirefu, kama mtu anayelenga. Tok. Nilipokuwa nafungua cherehani za watu mchana, mvua inanyesha na kibaraza kitupu, nilimwona fundi akiinua kichwa kila tone lilipoanguka. Nilimwambia nitaliziba lile tundu, nina lami.

"Usihangaike," akasema. "Halimdhuru mtu."

Mwezi wangu wa tatu pale, mama yake alinikuta uani nasugua kutu. Alikuja na sahani ya magimbi ya kuchemsha, akaketi kwenye kinu kilicholazwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kula." Akaningoja nimeze. "Lile ulilomjibu mwanangu kuhusu mwekundu, lilikuwa kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Nilikuwa ndani nachambua mchele, nilikusikia. Wale wengine watatu walijibu mara moja, maana hawakujua kitu. Wewe ulinyamaza kwanza."

Nikaweka gimbi chini. Yeye hakunihimiza. Alianza kusimulia, taratibu, akiangalia mikono yangu badala ya uso.

Alikuwa na wana wawili. Mkubwa alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa, na aliporudi alirudi na keram kichwani. Alitengeneza ubao kwa mikono yake, akawafundisha wanaume wote wa kijiji, na sheria ikawa ni ile aliyoisema yeye, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Yeye ndiye aliyeandika vijiti, vyake na vya wenzake. Masika moja, miaka miwili kabla sijafika, alishuka Morogoro Mjini kuuza iliki, akakaa wiki nzima, akakuta watu wanacheza. Huko akasikia sheria ambayo alikuwa haijui au aliisahau: kuanzia ishirini na mbili, mwekundu hahesabiwi. Alirudi nayo. Siku ya pili baada ya kurudi alicheza na mdogo wake. Mkubwa ana ishirini na nne, mdogo ana ishirini na mbili. Mdogo akamwingiza mwekundu, akamsindikiza, akamaliza, na kete moja ya kaka yake ikabaki mezani. Akasimama kushangilia. Kaka yake akachukua chaki, akamchorea kijiti kimoja.

"Mdogo akamwambia, sheria imepanda basi juzi, imefika leo ninaposhinda. Watu wakacheka. Mkubwa akasema, wallahi ndivyo wanavyocheza. Mdogo akasema, wewe mwongo." Mama akaisogeza sahani kwangu. "Mbele ya watu. Mdogo kumwambia mkubwa. Akamnyang'anya chaki, akajichorea mwenyewe viwili vilivyobaki kufikia ishirini na tano."

Mkubwa akainuka. Aliondoka kwenda shambani kwake ng'ambo ya mto, mvua inakuja, na koti lake la mvua likabaki kwenye msumari. Mto ulikuwa umejaa. Walimpata chini kabisa, kwenye mianzi, siku ya tatu.

"Kama aliamini ameshinda, angefuta," mama akasema. "Mshindi hufuta. Huyu hafuti, na hafungui mlango. Anauliza wageni. Nanyi wageni mna adabu sana."

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nilielewa kwamba yale majibu ya kumpendeza hayakuwa yakimpa kitu. Kila aliyemwambia "nne" alikuwa anamwambia kwamba kaka yake alikufa mwongo. Na kama ningesema "moja", ningemwambia kwamba alimtukana mtu mkweli, na mtu huyo akaenda nayo mtoni. Sikuona njia ya tatu. Nilijua pia kwamba hili si jambo la kwenda kunong'ona uani.

Nilimwambia kibarazani, jioni, wenzetu wakiwepo.

"Fundi, ule mwekundu. Nilikudanganya. Ni pointi moja, siyo nne. Tanga nzima ni hivyo tangu niko mdogo."

Kijana wa pikipiki akasema kwa sauti ya chini, "Huyu naye."

Fundi aliivuta tepi shingoni, akaizungusha kidoleni. "Kwa nini ulisema nne?"

"Nilikuwa mgeni wako."

"Na sasa?"

"Sasa nimekula ugali wako miezi mitatu."

"Kwa hiyo umepata haki ya kunikosea adabu."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, nusu ya tabasamu ikapita na kupotea. Kisha akasimama, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akaenda mlangoni. Akafuta kijiti kinene kilicholala. Akalowesha tena. Akafuta kinene kilichosimama. Alifanya polepole sana, kwa kucha, asiguse vile vyembamba vya jirani. Safu ya chini ikabaki na ishirini na tatu.

"Kaka hakuwa mwongo," akasema, akiuangalia mlango. Ndani niliusikia ungo wa mama umesimama.

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake alitoa ubao mapema, jua likiwa bado juu, akapanga kete mwenyewe, akanionyesha kigoda.

"Gemu haijakwisha. Mimi ishirini na tatu, yeye ishirini na nne. Kigoda chake umekalia tangu siku ya kwanza. Cheza."

"Fundi, mimi siye yeye."

"Hapa kwetu mtu akifa yupo anayekaa mahali pake. Cheza. Na usinihurumie, wamenihurumia wengi."

Yeye alihitaji pointi mbili. Mimi, au yule niliyemshikia nafasi, nilihitaji moja tu. Mwekundu hakuwa na thamani kwa yeyote kati yetu, lakini ilibidi mmoja amwondoe, naye akakaa katikati ya ubao kama mgeni ambaye hakuna anayemfahamu. Sijawahi kucheza mbele ya watu wengi namna ile wakiwa kimya namna ile. Fundi alicheza vizuri kuliko siku zote. Alimwingiza mwekundu kwa kugonga ukingo, akamsindikiza, akaendelea. Akabakiza kete moja nyeusi, imekaa mdomoni mwa tundu, ya kupuliza tu. Mimi nilikuwa na nyeupe mbili.

Alilenga, akapiga. Nyeusi ikaingia. Dume likaifuata. Lilikwenda taratibu, taratibu mno, hadi niliona limesimama ukingoni, kisha likatumbukia kana kwamba kuna kidole kimeligusa. Niliuangalia uso wake, hakukusudia. Nyeusi ikarudi katikati, na nyingine ya faini juu yake.

Nyeupe yangu ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili ilikuwa imejificha nyuma ya nyeusi, pigo ambalo mimi nalipata mara moja kati ya kumi. Nilipiga bila kufikiri, na niliposikia ikigonga chini ya tundu, kidole changu kilikuwa cha baridi.

Fundi akanipa chaki. Nilichora kijiti cha ishirini na tano, kile cha kulala, nikavifunga vile vinne vilivyokuwa vimesimama miaka miwili. Akainuka, akanipa mkono.

"Umenishinda, kaka."

Ananizidi umri kwa miaka kama sita. Hakuna aliyecheka.

Mshindi hufuta. Nilisema nitafuta kesho. Niliona vibaya kukifuta kitu hicho mbele yake siku ile ile. Kesho yake mvua, kesho kutwa kulikuwa na mazishi kijiji cha jirani, kisha nikazoea, kama yeye alivyozoea. Na kwa kuwa sikufuta, gemu ikabaki wazi, na mimi nikabaki kwenye kigoda.

Sikuona mambo yalivyogeuka. Fundi hakuniita tena mgeni wala fundi, aliniita kaka. Alinipa salamu ya kwanza asubuhi. Kukiwa na shauri la shamba, aliniuliza mimi. Mama alianza kunipakulia bakuli la bluu ambalo sikuwahi kuliona likitumika. Nilikuwa mtu ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyemngojea kula, na sitasema uongo, nilipenda. Baba yangu alifariki nikiwa Kigoma, nikapata habari baada ya arobaini. Kule mlimani nilipewa familia ambayo kosa lake lilikuwa limekwisha kusahihishwa.

Mwanzo wa vuli, siku ya manyunyu, nilikuwa nakwenda ng'ambo ya mto kuchukua cherehani ya mtu. Mama akalitoa koti la mvua la kijani kwenye msumari, akanivika begani. Lilinitosha. Nilikwenda, nikachukua mashine, nikarudi na ile njia ya mtoni, kichwa nimekiinamisha kwa sababu ya matone. Nilipofika karibu na jiko, mama alikuwa mlangoni. Akaniita kwa jina la marehemu.

"Naam, mama," nikaitika.

Niliitika haraka, kama anayejua. Kisha nikasimama pale kwenye matope, mashine begani, na nikasikia kutoka kibarazani: tok. Kimya. Tok. Mvua ilikuwa nyepesi mno kupita kwenye tundu la bati. Sikwenda kuangalia ni nini.

Asubuhi iliyofuata nilifunga sanduku. Kijana wa pikipiki nilimpigia simu aje saa mbili. Fundi alinikuta kibarazani na zana zangu. Mama akatoka nyuma yake, akaliona koti limerudi kwenye msumari.

"Unakwenda wapi?" fundi akauliza.

"Msamvu. Kutoka hapo nitaona basi. Dodoma, au Singida."

"Utarudi lini?"

Kila mtu anajua jibu la swali hilo. Unasema, Mungu akipenda. Unasema, mambo yakikaa sawa tutaonana. Nimelisema jibu hilo katika miji kumi na mbili, na watu wamenishika mkono na kufurahi. Lakini nilikuwa nimeona majibu ya adabu yalivyoifanya nyumba ile.

"Sirudi," nikasema.

Mama aliangalia chini. Kisha akasema, "Basi fanya kilichobaki."

Nikaenda mlangoni. Nilianza na safu ya chini, mkono wa marehemu akimwandikia mdogo wake, nikapanda ya juu, mkono wake akijiandikia mwenyewe. Nikamalizia na kijiti changu. Chaki ilikuwa imekaa muda mrefu, ilibidi nirudie mara tatu, na kiganja kikawa bluu. Mbao ilikuwa imechujuka kwa jua, na mahali pa vijiti pakabaki rangi yake ya zamani, kwa hiyo ukisimama pembeni bado ungeweza kuhesabu. Fundi alisimama pembeni.

Alijaribu kuvuta komeo la upande wa kushoto, halikutaka. Nilifungua sanduku, nikatoa kopo la mafuta ya cherehani, nikatia matone kwenye komeo na kwenye bawaba. Tukangoja kidogo, tukavuta pamoja, upande ule ukafunguka ukilia, na mwanga ukaingia hadi kwenye jora za vitambaa ukutani.

"Ile kanga yote imepauka," mama akasema.

"Haikupauka, mama," fundi akasema. "Ni vumbi."

Pikipiki ikaja. Kijana alikuwa amevaa ile suruali. Aliuangalia mlango, akauangalia mkono wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Tulishuka hadi Matombo, kisha nikapanda gari la mjini. Msamvu nililipa nauli ya Dodoma kwa noti iliyopata alama ya bluu, na konda akaigeuza mara mbili kabla ya kuipokea.

Kopo la mafuta nililiacha dirishani kwa fundi. Bawaba zile zilihitaji matone mengine kila baada ya wiki, na nilimwambia hivyo.